Mgongo Wangu Ulianzia Mguuni



Katika mkutano wetu wa siku ya posho iliyopita, mama kiongozi aliuliza swali dogo kabla ya kuhesabu feza za likelemba: "Nani kati yetu ameamka leo bila kuumwa na mgongo, shingo, bega wala goti?" Tulikuwa wamama 31. Mikono minne tu iliinuka, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa binti ambaye hajaolewa bado. Tulicheka sana. Kisha kicheko kikaisha polepole, maana kila mmoja alimtazama jirani yake na kuona kwamba jambo lenyewe si la kuchekesha. Ndipo nikaahidi kuwaandikia habari ya mgongo wangu, namna ulivyonisumbua miaka mitatu, na namna nilivyopata msaada mahali ambapo sikutazamia.

Wengi wenu mnanifahamu. Ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Bukavu, tangu nilipotoka ISP na diploma yangu mkononi. Nina watoto wanne. Tunakaa Kadutu, upande ule ambako njia ya kufika nyumbani ni ngazi zilizochimbwa katika udongo. Anayejua Kadutu wakati wa mvua anaelewa ninachosema: mguu mmoja unashika, mwingine unateleza, na kichwani au mkononi una mzigo ambao huwezi kuuachilia.

Maumivu yalianza kidogo kidogo baada ya mtoto wangu wa tatu. Kwanza ilikuwa uchovu tu wa kiuno jioni. Baadaye ikawa kama kisu upande wa kuume, chini ya mgongo, kila nilipoinama kufua au kusonga fufu. Darasani nilianza kuandika ubaoni nikiwa nimeegemea ukuta. Wanafunzi wangu 64 walidhani ni mtindo wangu wa kufundisha.

Nilifanya kama tunavyofanya sote. Nilinunua dawa ya kupaka. Nilinunua vidonge vya diklo kwa mfamasia wa pembeni ya njia, na siku mbaya nilichomwa sindano. Mtu mmoja akanishauri deksa, akasema zitanisaidia mgongo na tena zitaninenepesha. Nilizinywa majuma mawili. Kila mara maumivu yalipungua, nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye kazi zangu zote. Na kila mara yalirudi, safari nyingine yakiwa makali kuliko mwanzo. Mwishoni tumbo likaanza kuniwaka moto, na munganga aliponipima akakuta presha imepanda. Akaniuliza nimekuwa nikinywa dawa gani. Nilipomtajia orodha, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba diklo ya kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na kwamba deksa inapandisha presha na sukari na kudhoofisha mifupa, na tena mtu aliyeizoea hapaswi kuikata ghafula bila munganga. Nilikuwa nimenunua ugonjwa wa pili ili kunyamazisha wa kwanza.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulihesabu kama ugonjwa. Kifundo cha mguu wangu wa kushoto kilikuwa kinateguka mara kwa mara. Mara ya kwanza ilikuwa zamani, ningali mwanafunzi wa ISP: niliteleza nikishuka kutoka kwenye basi, mguu ukavimba kama kiazi, nikaufunga kitambaa na kwenda mtihani. Tangu hapo, kila mwaka mara moja au mbili, jiwe dogo tu lilitosha kunitegua tena. Nilikuwa nimezoea. Nilisema, "Huu mguu wangu ni wa kuteguka," kama mtu anavyosema, "Mimi ni mrefu," au, "Mimi ni mweupe."

Sasa niwaambie kilichonifanya nitafute msaada wa kweli, maana haukuwa mgongo wenyewe. Mgongo ningeendelea kuuvumilia. Sisi wanawake tumefundishwa kuvumilia hata visivyovumilika.

Ilikuwa ni binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 12. Siku nilizoshindwa kuinuka, yeye ndiye aliyechukua bidoni na kushuka kisimani, kwa sababu bomba la kwetu linaweza kukauka siku nne mfululizo. Mwanzoni ilikuwa siku moja kwa juma. Baadaye ikawa kila siku, saa kumi na moja alfajiri, bidoni ya litre 20. Sikumtuma. Alikuwa anaamka mwenyewe kabla yangu, kimya kimya, ili asinisikie nikilia wakati wa kuinama. Nilimwona kama mtoto mwema, na kweli ni mwema. Nilimsifu mbele ya majirani.

Siku moja mwalimu wake aliniita. Tulikaa kwenye benchi, mwalimu na mwalimu. Akaniambia kwa heshima: "Dada, mtoto anachelewa mara tatu kwa juma. Akifika analala mezani. Na anashika shingo yake namna hii." Akanionyesha namna anavyoishika. Ilikuwa ni namna yangu mimi ninavyoshika kiuno changu: mkono nyuma, macho yamefumba kidogo.

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, na si kwa sababu ya mgongo. Mimi ninayewaita wazazi wa wengine na kuwaambia, "Msiwape wasichana kazi za watu wazima," maumivu yangu yalikuwa yamehamia kwa mtoto wangu nami nilikuwa nayaita baraka. Wazee wanasema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi sikuwa nimeyaficha. Nilikuwa nimeyagawa.

Mwenzangu mmoja wa shuleni ndiye aliyenielekeza kwa kinezi mmoja anayefanya kazi katika kituo cha afya. Kwa wale wasiojua, kinezi ni mtu aliyesoma namna ya kurudisha viungo katika kazi yake kwa mikono na kwa mazoezi. Huyu, zaidi ya masomo hayo, alifuata pia mafunzo ya osteopati. Nilijua bei kabla ya kwenda: ilikuwa karibu sawa na feza nilizokuwa nikimaliza kwa dawa kila mwezi.

Nilitazamia kwamba ningelala kitandani, anishike mgongo, avute, ulie "ka!", nami niende nyumbani. Haikuwa hivyo. Nusu saa nzima hakunigusa. Aliuliza maswali, na mengine nilidhani hayamhusu.

"Mama, unalala upande gani? Mtoto wa mwisho unamnyonyesha kwa ziwa lipi zaidi? Begi la madaftari unalibeba bega gani? Maji unayachota mbali kiasi gani? Ulizaa namna gani? Umewahi kuanguka? Umewahi kuteguka?"

"Docta, mimi nimekuja kwa ajili ya mgongo."

"Nimesikia. Mgongo ndio unaolia. Natafuta anayeupiga."

Kisha akaniomba nivue viatu nitembee mbele yake, kwenda na kurudi. Akaniomba nichuchumae. Nikaona kisigino cha kushoto kinanyanyuka chini wakati cha kuume kimetulia. Akaniomba nisimame kwa mguu wa kuume pekee: nilisimama vizuri. Kwa mguu wa kushoto: sikufika hata hesabu ya tano, nikaangukia meza yake. Mimi, mwanamke wa miaka 36, ninayebeba kilo ishirini kwenye ngazi za udongo, sikuweza kusimama kwa mguu mmoja katika chumba chenye sakafu ya simenti.

Akakaa chini, akashika kifundo changu kwa mikono miwili, akakikunja polepole huku na huku. Kilikuwa kigumu kama bawaba yenye kutu. Akanieleza kwa lugha rahisi. Kifundo kikiteguka, nyuzi zinazoshika mifupa zinavutika, na pamoja nazo kinapotea kitu ambacho hatukioni: ile akili ya mguu inayojua, hata gizani, kwamba umekanyaga pabaya. Uvimbe ukiisha tunasema tumepona, lakini akili ile hairudi bila kufundishwa. Ndiyo maana mtu aliyeteguka mara moja yuko tayari kuteguka tena kuliko mwingine. Na mguu usiokunjika vizuri unamfanya mtu aegemee upande wa pili. Miaka yote hiyo nilikuwa napanda na kushuka Kadutu nikiegemea kuume, mzigo mkono wa kuume, begi bega la kuume, mtoto kiunoni upande wa kuume. Upande huohuo ndio uliokuwa unachomwa na kisu.

Sisemi kwamba kila mgongo unaanzia mguuni. Yeye mwenyewe alinikataza kusema hivyo. Mwingine unaanzia katika mimba zilizofuatana bila kupumzika, mwingine katika kufua ukiwa umeinama saa tatu, mwingine katika huzuni na kukosa usingizi, maana mtu asiyelala anasikia maumivu kuliko aliyelala. Jambo alilonifundisha ni hili: mahali panapouma panatuambia kuna shida, na mara nyingi hapatuambii shida imetoka wapi. Ukitibu mahali pa kilio peke yake, kilio kitarudi.

Kama mwalimu, nilitaka kujua elimu hii ilitoka wapi, naye akanisimulia, kisha nikaenda kusoma mwenyewe. Osteopati ilianzishwa Marekani na munganga aliyeitwa Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa ugonjwa wa meninjiti. Alikuwa munganga, na dawa za wakati ule hazikumsaidia kitu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo, maana kila mama anajua uzito wa habari hiyo. Still alianza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1874 akatangaza mafundisho yake: kwamba mwili ni kitu kimoja, si vipande, kwamba umbo la kiungo na kazi yake vinategemeana, na kwamba mwili una nguvu ya kujiponya ukiondolewa vizuizi. Mwaka 1892 alifungua shule katika mji mdogo wa Kirksville, na tangu mwanzo aliwapokea wanafunzi wanawake pamoja na wanaume, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile.

Leo Marekani mtu mwenye diploma hiyo ni munganga kamili, anaandika dawa na anapasua. Ulaya ni kazi ya mikono: Uingereza iliwapa osteopati sheria yao mwaka 1993, na Ufaransa ikatambua jina hilo mwaka 2002. Hapa kwetu wenye mafunzo hayo ni wachache, na mara nyingi ni makinezi kama yule niliyemwona mimi.

Lazima niseme pia upande wa pili, maana gazeti letu halitangazi biashara ya mtu. Still aliamini mambo mengi ambayo uchunguzi wa baadaye haukuyathibitisha. Mikono ya osteopati inaweza kupunguza maumivu ya mgongo wa chini, na inasaidia zaidi ikifuatana na mazoezi. Mtu akikuambia kwamba kwa kukushika kichwa ataponya malaria, pumu, kisukari au utasa, chukua kitambaa chako uende zako. Na usichanganye kazi hii na ile ya muunga mifupa wa mtaani. Wako wazee wenye mkono mzuri, sikatai. Lakini mtoto aliyevunjika mkono akifungwa vijiti kwa kamba inayobana, damu haipiti, na mkono unaweza kuoza. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, legeza kamba palepale na ukimbie hopitali. Usingoje asubuhi.

Sasa matibabu yenyewe. Yule docta alinishika mara nne kwa jumla, kwa majuma sita. Alikikunja na kukinyoosha kifundo, akafanya kazi kwenye paja na kiuno, polepole, bila kunivunja wala kunitisha. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Lakini aliniambia tangu siku ya kwanza: "Mikono yangu inafungua mlango tu. Kuingia ni kazi yako." Akanipa kazi ya nyumbani, mimi ninayewapa wengine kazi ya nyumbani.

Kwanza, kusimama kwa mguu mmoja hesabu ya 30, mara tatu kila mguu, asubuhi na jioni. Nilianza nikishika mlango, kisha nikauachilia. Nilifanya nikisugua meno, ili nisiseme nimekosa wakati. Pili, kuweka mguu mbele ya ukuta na kusukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, mara kumi. Tatu, kunyanyuka juu ya vidole na kushuka polepole, mara kumi na tano. Nne, kulala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio, kuhesabu tano, kushuka, mara kumi. Tano, kutembea. Mimi nilidhani mwenye mgongo mbaya analala. Akasema kulala siku nyingi kunadhoofisha nyama za mgongo na kurefusha ugonjwa. Pumzika siku moja au mbili yakizidi, kisha anza tena kutembea kidogo kidogo.

Watoto walinicheka mno. Mdogo wangu wa miaka minne alikuwa anasimama kwa mguu mmoja pembeni yangu na kunishinda kila siku.

Juma la tatu maumivu yalirudi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa makala kutoka sokoni kwa sababu nilijisikia nimepona. Usiku sikulala. Asubuhi nilimwendea docta nikitaka kurudishiwa feza zangu. Alinisikiliza, akanipima, akasema hakuna kilichovunjika. "Mgongo wako ni kama mwanafunzi aliyerudi shuleni baada ya miaka mitatu. Umempa mtihani wa mwisho katika juma la tatu." Nilinyamaza. Ule ulikuwa mfano wa kazi yangu, sikuwa na la kujibu.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mfamasia aliyewahi kuniuliza: "Mama, maji unayochota, nani mwingine anayanywa?"

Nikahesabu. Mimi, watoto wanne, baba watoto, shemeji yangu anayesoma, na mama mkwe akija kutembea.

"Na nani anayachota?"

"Mimi. Na binti yangu."

Hakusema neno lingine. Aliandika tu kwenye karatasi yangu, kama munganga anavyoandika dawa: bidoni za litre 10, mbili, moja kila mkono, na mikono mingine.

Hiyo karatasi niliiweka juu ya meza usiku ule. Baba watoto ni mtu mwema, wala si mvivu. Anatoka alfajiri na anarudi giza limeingia. Lakini kwetu mwanaume mwenye bidoni mkononi anaonekana kama mtu aliyelishwa kitu na mke wake. Nilisali kwanza. Kisha nikamwambia, bila kupandisha sauti, yale mwalimu wa binti yetu aliyoniambia, na nikamwonyesha namna mtoto anavyoshika shingo. Sikuzungumza juu ya mgongo wangu hata kidogo. Alikaa kimya muda mrefu. Akasoma ile karatasi mara mbili. Akasema, "Kumbe docta ameandika na dawa yangu."

Tangu hapo yeye na shemeji wanachota maji usiku, wanaume wawili kwenye njia moja, hivi aibu inagawanyika. Mtoto wetu wa kiume wa miaka kumi anabeba bidoni ndogo ya litre 5. Majirani walicheka juma la kwanza. Juma la pili jirani mmoja alikutana nao kisimani, naye akiwa na bidoni yake, akisema mke wake ni mgonjwa. Mke wake hakuwa mgonjwa. Nilikuwa nimezungumza naye.

Mama zangu, haya hapa mengine niliyojifunza, ambayo hayana bei. Mbabula iinue juu ya matofali au meza ya udongo, usipike umeinama. Beseni la kufulia liweke juu ya kiti, na badilisha mguu unaoutanguliza. Ukitaka kuinua mzigo, usogelee kwanza, kunja magoti, uukumbatie karibu na tumbo, ndipo uinuke. Usiuvute kutoka mbali na usijipindue ukiwa nao. Fagio tia mpini mrefu. Mtoto wa mgongoni mfunge juu na karibu, asining'inie kiunoni, na umshushe mara kwa mara. Mwenye kubeba mizigo kwa kamba ya kipaji, najua ni mkate wa watoto wako na siwezi kukuambia uache. Gawa mzigo safari mbili ukiweza, na pumzisha shingo kabla ya kupanda tena. Mtoto chini ya miaka 15 asibebe litre 20, hata akisema anaweza. Atasema anaweza kwa sababu anakupenda.

Na kuna maumivu ambayo si ya mazoezi wala ya mikono. Nenda hopitali bila kuchelewa ikiwa: mguu unalegea au unakufa ganzi, sehemu ya kukalia imekufa ganzi, mkojo au choo vinakutoka bila kujua, au mkojo umekataa kutoka, una homa, jasho la usiku au unakonda, maana kifua kikuu kinaweza kuingia katika uti wa mgongo, umeanguka vibaya, maumivu hayapungui hata usiku ukiwa umelala, mkojo unaunguza, au una mimba na mgongo unauma pamoja na damu au tumbo kukaza. Na mama mwenye maumivu ya kiuno pamoja na uzito chini kama kitu kinataka kutoka, asione haya kumwambia munganga wa wanawake. Si mgongo tu unaouma mgongoni.

Mnataka kujua mimi nikoje leo? Bado kuna asubuhi kiuno kinanikumbusha, hasa mvua ikinyesha siku tatu. Lakini ni miezi minane sijanunua diklo. Presha imeshuka. Mguu wangu haujateguka tangu wakati ule, na nasimama kwa mguu wa kushoto mpaka hesabu ya 40, mtoto wa miaka minne ni shahidi. Darasani naandika ubaoni bila kuegemea ukuta.

Lakini furaha yangu kubwa ni nyingine. Juma lililopita niliamka saa kumi na moja kwa mazoea, nikaenda kuchungulia chumba cha watoto. Binti yangu alikuwa amelala, mkono chini ya shavu, shingo imelegea kama ya mtoto mchanga. Mabidoni yalikuwa yamejaa tangu usiku, yamepangwa mlangoni. Nilirudi kitandani nikalala tena. Sikumbuki ni lini nilikuwa nimelala tena baada ya saa kumi na moja.

Ninaleta ombi moja kwa mkutano wetu ujao. Likelemba yetu inanunua sahani na vikwembe, na ni vizuri. Tuweke pembeni sehemu ndogo kila mwezi ili mama mmoja kwa zamu aende kupimwa na kinezi aliyesoma, kisha atakaporudi atufundishe sote alichofundishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mgongo mmoja haubebi maji ya watu wanane.

Basi leo jioni, wakati wa kusugua meno, simama kwa mguu mmoja na uhesabu. Kisha muulize binti yako, bila kumsifu kwanza, kama shingo yake inauma.

Tuonane siku ya posho.

Mwalimu wenu wa Kadutu